Bawaba ya Bangili

Watu walimwita Bi Lenzi kwa sababu ya kile kioo kidogo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni mwake kutwa nzima, dukani, sokoni na hata msibani. Alikuwa sonara, binti wa sonara, na kama kulikuwa na kitu kilichompandisha mori kuliko vyote, ni yale maneno "ya kale, kutoka China, bei poa" yanayoandikwa chini ya picha kwenye simu za watu.

Zamani watu walimletea mkufu uliokatika, anaulehemu, anausugua, wanaagana. Siku hizi walimletea simu kwanza. Wakishamwonyesha picha, hutoa mkobani kijifuko cha plastiki, na ndani ya kijifuko mna joka. Kila mara joka. Joka kwenye pete, joka kwenye hereni, joka limejiviringisha kwenye kidani na kuuma mkia wake. Muuzaji ameapa kwamba lilivaliwa na mabibi wa ikulu ya kale, na bei yake haifikii ya kandambili. Bi Lenzi akiligeuza chini ya lenzi anaona mshono wa kalibu ya kumiminia madini umepita mgongoni mwa joka zima, anaona vitundu vya hewa mahali ambapo fundi wa kweli angepita na patasi, na ule weusi wa miaka mia akiupitishia kidole, kidole kinatoka cheusi. Ananusa. Rangi ya viatu, ile ya kopo.

Hasira yake haikuwa ya kuigiza. Ilimuuma kwamba watu wazima, ambao sokoni hubonyeza nyanya moja moja kabla ya kununua, wananunua kitu cha miaka mia kwa kukitazama kwenye simu huku wamelala kitandani. Aliwafokea, akawaambia wameuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe ni la kuazima. Walisema asante, wakaenda kununua tena.

Duka lile lilikuwa na desturi iliyoachwa na marehemu baba yake: kitu feki hakitoki mlangoni kizima. Kikiwa halisi, mwenyewe anarudishiwa na kuelezwa habari zake zote. Kikiwa feki, kinakatwa vipande viwili mbele ya macho yake kwa mkasi wa bati, ili kesho kisimdanganye mtu mwingine. Mteja aliambiwa hivyo kabla ya lenzi kupanda jichoni, na asiyetaka aliondoka na chake bila kupimiwa. Wengi walikubali, na wakishakatiwa waliacha vipande vyao kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga chini ya meza ya kazi, maana nani atarudi nyumbani na nusu joka.

Mbele, kwenye kaunta ya kioo, alikaa mdogo wake wa kiume. Huyo hakuwahi kupinda hata waya wa kuanikia nguo, lakini alijua kuuza. Alikuwa na meno mazuri na hakuyaficha, na mtaa mzima ulimwita Tabasamu. Baba yao alipofariki walikubaliana kwamba dada atakaa na moto, kaka atakaa na watu, na mpango huo ulikwenda vizuri hadi mwaka jana, bangili ya mama ilipopotea.

Mama yao alikuwa mkunga kabla macho hayajamwishia. Katika ujana wake alimzalisha mke wa Mchina mmoja mwenye duka la vyombo, uzazi mgumu ambao kila mtu alikuwa ameshaukatia tamaa, na yule mwanamke alipopata nguvu za kukaa alivua bangili iliyokuwa ya bibi yake akamvisha mkunga. Ilikuwa bangili pana ya fedha, yenye bawaba upande mmoja na kipini cha kufungia upande wa pili, na juu yake rangi ya kioo ya buluu na kijani iliyochorwa maua na popo wawili. Mama hakutaka habari za popo mkononi mwake. Alisema ni vipepeo, na nyumba nzima ikasema ni vipepeo.

Mkono ulipokonda aliivua, ikakaa kwenye droo iliyo karibu na kitanda chake, imefungwa kwenye leso. Siku ile Bi Lenzi alifungua droo kutafuta dawa ya macho, akakuta leso tu. Aliuliza nani anaingia chumba hiki, akajijibu mwenyewe. Mlezi. Ndivyo walivyomwita yule mama aliyekuwa akimwogesha mama yao, akimlisha, akimkata kucha na kumsomea magazeti ya juzi. Bi Lenzi aliubeba mkoba wa Mlezi hadi kwenye kizingiti cha nje, akaumwaga chini mbele ya majirani. Kilichodondoka ni nguo, kitana, dawa ya kikohozi na picha ya mtoto. Hakukuwa na bangili. Bi Lenzi akasema basi ameshaiuza, na mwanamke yule akaokota vitu vyake kimoja kimoja, akaondoka na kazi ikaishia hapo. Tabasamu alisimama mlangoni akimwambia dada taratibu, dada watu wanatazama, na kila mtu akaona jinsi alivyo na huruma.

Mama tu ndiye aliyekataa. Alisema, "Hajachukua," na alilisema neno hilo kila siku, akipewa chai, akibadilishiwa shuka. Hakuuliza hata mara moja bangili iko wapi. Aliuliza yule mwanamke yuko wapi, kwa kuwa huyo ndiye ambaye mama alikuwa akimwita mwanangu. Tangu siku ile alikula kidogo kidogo, kwa kulazimishwa, na binti yake wa kumzaa alianza kumwita Fundi, kama wateja wanavyomwita. Bi Lenzi alimeza hilo kwa shida kuliko kitu kingine chochote, na kila alipolimeza alizidi kumchukia Mlezi.

Msusi mmoja aliingia dukani asubuhi ya jua kali, akiwa bado na aproni yake na vishungi vya nywele za bandia vimemganda mikononi. Hakuwa na mbwembwe. Alieleza kwamba ana ugonjwa wa kununua vitu vya kale mtandaoni, kwamba ameshapigwa mara nyingi hadi mumewe amempa jina, na kwamba juzi amepata kingine, cha China, cha bei ndogo mno, na ni ile bei inayomnyima usingizi. Bi Lenzi akamwambia bei ndogo ndiyo ishara ya kwanza. Akamtajia desturi ya duka na kumwonyesha mkasi. Msusi alisema haina shida, kikiwa feki kikatwe, asikione tena akakasirika upya. Kisha akafungua taulo dogo la saluni.

Bi Lenzi hakutazama mara moja, alikuwa akifuta lenzi kwa pindo la gauni. Alichosikia ni Tabasamu akiangusha kitambaa cha kufutia vioo.

"Feki hiyo, dada," Tabasamu alisema. "Za hivyo tumeziona chungu nzima. Kata tu, mama wa watu arudi kazini."

Na akauleta mkasi. Miaka yote ile Tabasamu hakuwahi kugusa chombo cha kazi, alikuwa akisema vinachafua mashati, na leo amezunguka kaunta mwenyewe, ameushika mkasi wa bati kwa mikono miwili, anampa dada yake. Bi Lenzi aliupokea kwa mshangao. Ndipo alipotazama chini na kuona bangili.

Alijua papo hapo, lakini hakujiamini. Akajilazimisha kuifanya kazi kama kazi. Aliangalia rangi ya kioo: imepasuka nyufa nyembamba sana kama za kikombe cha zamani, na uchafu uliomo ndani ya nyufa ni mgumu, hautoki kwa kidole. Aliangalia fedha ilivyolika: imelika zaidi upande wa ndani wa mkono, pale panapogusa meza mtu akila, na juu ya kipini, pale kidole gumba kinapobonyeza. Wazeeshaji feki huchubua kila mahali sawasawa, hawajui kwamba mkono wa mtu una upande. Aliangalia maua: hakuna petali mbili zinazolingana. Mwisho akaigeuza kwenye bawaba, akaona tone la kijivu, baya, limevimba kama chunusi.

Tone lile lilikuwa lake. Alikuwa binti mdogo, baba ametoka, bawaba ya mama imekatika, naye akataka kumshangaza kila mtu. Hakuwa anajua pa kutafuta lehemu ya fedha, akaenda kwa fundi redio wa jirani akaomba kipande cha risasi anayounganishia nyaya, akairudishia bawaba kwa hiyo. Hakuna sonara duniani anayeweza kufanya hivyo, na fundi redio hana kazi na bangili. Ni mtoto wa sonara, jirani wa fundi redio, peke yake. Baba aliporudi hakumpiga. Alimweleza kwamba risasi ikishaingia kwenye fedha, ukiitia moto mkali tena itaila fedha yenyewe, kwa hiyo haitatengenezwa, itabaki hivyo hivyo, ili kila akiiona akumbuke. "Uliza kwanza," baba alimwambia, "ndipo uwashe moto." Yote haya Tabasamu hakuyajua, alikuwa bado ananyonya.

Aliinua macho. Msusi alikuwa anasubiri huku ameuma mdomo wa chini. Tabasamu alikuwa anatabasamu, na jasho limemkaa juu ya mdomo.

Damu ilimchemka Bi Lenzi, na ndani ya huo mchemko likaja wazo, tena likaja limeshavaa viatu. Aseme feki. Aikate pale pale kwenye bawaba, kwenye lile tone lake baya, mahali ambapo mkasi hauharibu chochote kisichokuwa kimeshaharibika. Msusi ataacha vipande kwenye kopo, kama wote. Jioni bangili itakuwa kwenye mkono wa mama, na hakuna mtu wa nje atakayejua habari za nyumba yao. Lilikuwa wazo zuri. Hata mkasi ulikuwa tayari mkononi, umeletwa na mwizi mwenyewe, na vidole vyake vilishaanza kuufungua.

Lakini akiipeleka kwa mama atasema ameipata wapi? Na Mlezi? Mlezi atabaki mwizi, sasa kwa kujua kwake, kwa mkono wake, huku huyu bwana meno akiendelea kuwaambia wateja karibuni sana. Aliuweka mkasi mezani kwa kishindo hadi mizani ikacheza.

"Ni halisi," alisema.

Msusi aliketi kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Aliomba arudiwe, akarudiwa. Bi Lenzi alimweleza yote, sauti yake kavu: nyufa, kulika, petali, hata wale viumbe wawili kwamba ni popo, kwamba kwa Wachina popo ni bahati njema. Akamwambia kasoro ni moja, bawaba imelehemewa kwa risasi na mjinga fulani, na mjinga huyo ni yeye. Kisha akaomba aone ile picha kwenye simu, ile iliyowekwa na muuzaji.

Msusi, bado hajaelewa, akampa simu. Bangili ilikuwa imepigwa picha juu ya mbao. Mbao ilikuwa na alama nyeusi ya kuungua yenye umbo la pasi, na pembeni ilionekana ncha ya jiwe la kupimia dhahabu. Bi Lenzi aliweka simu juu ya meza yake ya kazi, kando ya alama nyeusi yenye umbo la pasi, kando ya jiwe la baba, akamwita mdogo wake aje aone.

Tabasamu hakuja. Alisema dada, haya mambo tuyaongee nyumbani. Bi Lenzi alisema yataongelewa hapa hapa, mama huyu ameyalipia kiingilio. Ndipo Tabasamu alipoanza kuruka huku na huku: mara picha inaweza kuwa ya mahali pengine, mara simu ilikuwa kwa rafiki, mara bangili ilikuwa inaozea kwenye droo na mama haivai wala haioni, mara alidhani mtandaoni kitu kinakwenda mbali kisirudi. Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Baada ya kuificha hadi kelele zitulie, aliiuza bei ya kutupa ili iondoke haraka, asipoteze hata wiki moja kuulizwa maswali, na kwa bei ile ile akamtia mnunuzi wasiwasi, na mnunuzi mwenye wasiwasi katika mji ule alikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda.

Msusi alikuwa ameshaisogeza bangili karibu na kifua chake. Aliuliza taratibu kama anadaiwa kuirudisha. Bi Lenzi alimwambia ni ya mama yake mzazi.

"Pole, fundi," msusi alisema. "Lakini mimi sikuiba. Nimetoa changu, na miaka yote hii ya kuliwa nimepata kitu kimoja tu cha kweli, umenithibitishia kwa mdomo wako. Ungesema feki ningekuachia. Sasa siwezi. Kama ni polisi, twende, sina cha kuficha."

Tabasamu alitazama sakafu. Bi Lenzi aliona picha nzima: mama kipofu kwenye benchi la kituo, anaulizwa ni nani kati ya wanawe. Alitamani kuupindua mji mzima na kaunta yake. Lakini msusi alikuwa na haki ya kukasirika pia, na hakukasirika, alisimama tu, akafunga taulo lake, akatoka huku amelikumbatia kifuani. Ukweli ulikuwa umetoka dukani mzima, kama desturi inavyotaka, na bangili ikaondoka nao.

Waliobaki ni wawili. Bi Lenzi alimpa mdogo wake vidonge vyake vyote, vya leo na vya utotoni. Alimwambia kwamba ameuza mkono wa mama, ameuza meza ya baba kwa picha, kwamba yale meno yake angeyaweka kwenye kaunta wateja wangeyapima yakakutwa ya bati. Sauti ilifika barabarani, watu wakasimama, na hakujali.

"Ulisimama pale mlangoni," alisema. "Ukanitazama namwaga mkoba wa yule mama chini."

Tabasamu aliinua uso. Kwa mara ya kwanza hakuwa anatabasamu, na alionekana mtu mwingine, mdogo zaidi.

"Mimi sikumtaja mtu, dada," alisema. "Wewe ndiye uliyemtaja. Mimi nilinyamaza tu."

Bi Lenzi alikuwa amenuia kumzaba kofi. Mkono ulibaki hewani. Lilikuwa jibu la mtu duni, jibu la kuchukiza, na hakukuwa na neno hata moja la uongo ndani yake. Yeye, asiyekubali kusema joka la bei ya kandambili ni feki mpaka aligeuze, alinuse, alipime na kulitia tindikali, alimwita mtu mwizi kwa kutazama leso. Hakuuliza. Aliwasha moto moja kwa moja, na risasi ikaingia. Alijikasirikia kwa namna ambayo hakuwahi kumkasirikia mteja yeyote, na hapakuwa na wa kumfokea.

Alimtaka ampe funguo za duka. Tabasamu alisema na yeye ni mtoto wa marehemu. Kisha akaona dada yake anauchukua tena mkasi, akarudi nyuma hatua nzima.

"Usiogope," Bi Lenzi alisema. "Huu ni wa bati tu."

Aliukata utepe mwekundu uliofungia funguo kwenye kaunta, akatia funguo mfukoni, akamwambia atangulie, wanakwenda kwa Mlezi wote wawili. Tabasamu alisema anakuja nyuma yake. Hakuja.

Mlezi alikuwa akipiga pasi kwa dobi mmoja, kwenye chumba cha nyuma kisicho na dirisha, mashati ya watu yametundikwa hadi darini. Bi Lenzi alisimama kwenye mlango kwa kuwa ndani hapakuwa na nafasi. Zamani mwanamke huyu alimwita dada mkubwa. Sasa alisema, "Karibu, Bi Lenzi," kama mtu wa barabarani, na pasi haikusimama.

Bi Lenzi alisema amekuja kuomba msamaha, kwamba si yeye, kwamba imejulikana. Aliyasema haraka.

"Bangili mmeipata?" Mlezi aliuliza.

Alimjibu hapana, ipo kwa mtu aliyeinunua.

"Sasa mmejuaje kama si mimi?"

Ikabidi aeleze yote: msusi, bawaba, picha, meza. Mlezi alimsikiliza huku akigeuza kola ya shati, akainyoosha upande wa pili. Bi Lenzi alipomaliza, Mlezi aliisimamisha pasi wima, na mvuke ukapanda kati yao.

"Kwa hiyo huyo msusi angeinunua akanyamaza, akavaa tu," alisema, "mimi ningekufa mwizi."

Bi Lenzi alitafuta namna ya kulisema vingine, hakuipata. Alisema ndiyo.

"Unaniambia mimi kwamba sikuiba," Mlezi alisema. Hakupaza sauti, na hasira yake ilikuwa kubwa kuliko ya mtu anayepaza. "Mimi nilikuwa najua. Siku zote nilijua. Nenda ukawaambie wale waliosimama pale kwenu, waliohesabu nguo zangu za ndani. Kila nyumba ya mtaa ule nimekataliwa kazi. Sokoni wanawake walikuwa wakiniona wanahamisha mikoba bega la pili. Nenda kwao, mmoja mmoja. Uwaambie kwa sauti ile ile."

Bi Lenzi akaitikia. Akauliza, kwa woga ambao hakuwahi kuujua mdomoni mwake, kama angependa kumwona mama, maana anamwulizia kila siku.

"Mama hakuniita mwizi," Mlezi alisema, akaichukua pasi. "Nitakwenda kumwona. Wewe usiwepo."

Bi Lenzi alianza siku iliyofuata, mchana, na duka likiwa limefungwa. Aligonga kila nyumba ya mtaa wao. Muuza mkaa alikuwa ameshasahau kisa chote, ikambidi amkumbushe ndipo amwombe asikiamini. Mke wa kinyozi alisema yeye alijua tangu mwanzo, jambo ambalo Bi Lenzi alitaka kumuuliza mbona hukusema, akajizuia kwa kuwa swali hilo lilimhusu yeye mwenyewe kwanza. Shoga wa mama alimkaribisha ndani, akamfungia mlango asisikike, lakini Bi Lenzi akaufungua tena na kusema akiwa kizingitini. Na kila mahali waliuliza swali lile lile, ikiwa si yule mama, basi ni nani. Nyumba za mwanzo alisema ni mdogo wangu. Baadaye akaona sentensi ni fupi mno, akaanza kusema ni mdogo wangu aliyechukua, na ni mimi niliyesingizia. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote, na halikuwa jepesi hata lilipozoeleka.

Kuna waliomcheka. Mmoja alimwuliza, mbele ya watoto wake, kama kile kioo cha shingoni ni pambo tu. Aliondoka hapo uso unawaka, na hakumjibu, maana wiki iliyopita angelisema hilo neno yeye mwenyewe kwa mtu mwingine.

Aliporudi nyumbani jua lilikuwa limeshalala kwenye mabati ya upande wa pili. Chumbani kwa mama dirisha lilikuwa wazi, gazeti la juzi limekunjwa vizuri miguuni mwa kitanda. Sahani ilikuwa tupu, imepanguswa hadi mchuzi. Mama alikuwa amelala chali, mikono juu ya shuka, na kucha zake zilikuwa zimekatwa fupi, za duara, kama alivyozipenda.

Bi Lenzi alikaa ukingoni mwa kitanda. Alitaka kusema kila kitu, kuhusu bawaba, kuhusu Tabasamu ambaye tangu jana hakuonekana, kuhusu vipepeo vilivyo kwenye mkono wa mtu mwingine. Lakini aliuliza tu nani amemlisha leo.

"Mwanangu," mama alijibu, akageukia ukutani apate kulala.